Lurambi Haitulii Ipigwe Picha

Picha ya panorama ina sharti moja tu: dunia itulie kidogo. Kwa watu wa pwani sharti hilo ni jepesi. Ukisimama pale Mama Ngina, Mombasa, unainua simu, unageuka polepole, na kila kitu kinaingia pichani kwa zamu bila kusukumana. Hata meli inayoelekea bandari ya Kilindini inapita taratibu, kana kwamba imeambiwa kuna mtu anapiga picha. Lurambi, Kakamega, ni habari nyingine. Huku kwetu hata mti ukiukazia macho utagundua kuna mtoto anashuka.

Nisingejali mambo haya kama si binamu yangu anayeishi Mombasa. Huyu jamaa ameligeuza kundi la WhatsApp la familia kuwa ofisi ya utalii. Leo Nyali, kesho Likoni, keshokutwa machweo ya jua yenye mnazi mmoja uliopinda vizuri. Siku moja akaandika chini ya picha: "Nyinyi huko kwenu huwa mnaangalia nini?"

Swali hilo liliwauma watu. Ni kweli hatuna bahari, na ziwa liko Kisumu, yapata kilomita 50, ambako lina wenyewe. Lakini tuna mto Isiukhu. Unatoka pande za Nandi, unakatiza msitu wa Kakamega, unaungana na Nzoia, na Nzoia huenda kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kwa maneno mengine, baadhi ya wanaojipiga picha ufuoni mwa ziwa wanajipiga na maji yetu, tena baada ya sisi kumaliza kuyatumia.

Senje wangu, yaani shangazi, aliposikia nakwenda mtoni na simu kutetea heshima ya ukoo, alivaa kitenge kipya akaja. Kwa Senje, picha isiyo na mtu ni kupoteza chaji. Akasimama chini ya mkuyu, mkoba mkononi, uso umekazwa kama inavyotakiwa.

Hapa inafaa nieleze simu inavyofanya kazi, kwa maana mashaka yote yanaanzia hapo. Ukifungua panorama, unaona mstari mwembamba katikati ya kioo na mshale mdogo unaosubiri kusogea. Ukienda haraka, simu inakukemea upunguze mwendo. Mkono ukishuka, mshale unatoka kwenye mstari na unakemewa tena. Wakati huo simu haipigi picha moja. Inachukua vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, kisha inaviunga. Kila kipande kina saa yake. Ukingo wa kushoto ni pale ulipoanza; ukingo wa kulia umepigwa sekunde kadhaa baadaye. Baharini sekunde hizo si kitu. Kando ya Isiukhu zinatosha ng'ombe kunywa maji, kubadili nia na kugeuka, na Senje kukumbuka jambo.

Senje aliambiwa asimame, na alisimama. Ila alipoona simu inamwacha na kuelekea kwa ng'ombe, aliona ni dharau, akaifuata. Picha ilipotoka, Senje wa kwanza alikuwa chini ya mkuyu, mnene na mwenye fahari. Senje wa pili alikuwa upande wa mwisho kabisa, mwembamba, hana shingo, mkoba umekatika katikati. Ng'ombe aliyekuwa kati yao alikuwa na miguu sita na mgongo usioisha. Kijana wa boda boda aliyekuwa akiosha pikipiki yake majini alipata gurudumu la tatu. Angeweza kuombea leseni ya tuktuk.

Nikaituma hivyo hivyo. Kwenye kundi ikaonekana mstari mwembamba uliolala katikati ya kioo. Binamu akajibu: "Hii ni rula?"

Tusiilaumu simu peke yake, kwa sababu janga hili ni la zamani. Mnamo 1844, mjini Paris, Friedrich von Martens alikuwa tayari na kamera yenye lenzi inayozunguka kuufagia mji kutoka upande hadi upande. Baadaye Wamarekani wakaja na kamera iitwayo Cirkut, iliyopata hataza mwaka 1904. Ilizunguka yenyewe juu ya miguu mitatu, ikitumika kupiga makundi makubwa ya wanafunzi na wanajeshi waliojipanga safu ndefu. Watundu hawakukawia kuielewa: unasimama mwisho wa kushoto, lenzi ikishakupita unakimbia nyuma ya wenzako, unajitokeza mwisho wa kulia ukitabasamu. Picha moja, wewe wawili.

Habari hii nilimsimulia mpwa wangu, kwa nia ya kumwelimisha tu. Desemba familia ilipokusanyika na sote tukapangwa mbele ya nyumba, elimu ikazaa matunda. Mpwa akatokea ncha zote mbili, shati lile lile, meno yale yale. Baba yake aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Kati ya hawa, ni yupi ninayemlipia karo?" Kukhu, nyanya yetu, ndiye aliyelichukulia kwa uzito zaidi. Aliwahesabu wajukuu, akapata mmoja zaidi, akarudia, akapata yule yule wa ziada. Kisha akawaita wanawe wa kiume kando, mmoja mmoja, awaulize kwa upole nani amezaa nje.

Nilidhani labda tatizo ni watu na mifugo, kwa hiyo nikaenda kutafuta kitu kisichotembea. Kipo: lile jiwe la Ilesi, Ikhongamurwi, kwenye barabara ya kwenda Kisumu. Ni nguzo ya mwamba yenye jiwe kubwa kichwani, na maji hutiririka shavuni mwake kama machozi. Jitu kama lile hupigwa kwa kuinua simu kutoka chini kwenda juu. Basi unaanza miguuni, unapanda kifuani, mgongo wako unapinda, unafika shingoni mwa jiwe, na papo hapo tope la Ilesi linakumbuka kuteleza. Picha ikatoka kichwa cha jiwe kimehamia begani. Senje alipoonyeshwa akatikisa kichwa: "Limekaa hapo tangu enzi za mababu, leo mmelivunja kwa simu."

Bukhungu nako nilijaribu, siku ya mechi. Uwanja uliingia wote, lakini mshambuliaji alitoka bila miguu na golikipa akatoka na mikono minne. Mashabiki wa timu iliyoshindwa kufunga goli waliiomba picha hiyo kama ushahidi.

Ikabaki kilima cha Buyangu, ndani ya hifadhi ya msitu wa Kakamega, kaskazini mwa mji. Ukifika juu, msitu umetandazwa chini yako, na mbele, upande wa mashariki, ukuta wa Nandi umesimama wa buluu. Hakuna ng'ombe wala Senje, na mbega wenye manyoya meupe mabegani wako mbali matawini. Huko kosa la kawaida ni la mkono: watu hunyoosha simu mbali na mwili, halafu wanageuka nayo, na vitu vya karibu vinatokea viwili viwili. Mwongozaji aliyekuwa nasi alilijua hilo. "Simu iwe karibu na kifua, zunguka kwa kisigino," akasema. Tukazunguka. Lakini anayeijua Kakamega anajua kwamba asubuhi ni ya jua na alasiri ni ya mvua, na mvua yenyewe hupenda kuja kutoka Nandi ikiwa na radi zake. Tulianza kushoto kukiwa kweupe. Tulipofika katikati, Nandi haikuwepo. Tulipofika kulia, matone yalikuwa juu ya lenzi na mwongozaji alikuwa ameshafika nusu ya kilima akishuka. Picha hiyo ni ya ajabu: kushoto ni Januari, kulia ni Aprili, na hapo kati kuna mtu aliyekwisha kulowa anafungua mwavuli.

Ndipo nikaielewa panorama. Tunaisifu kwamba inaonyesha mahali pote kwa mara moja, kumbe haijawahi kuonyesha chochote kwa mara moja. Inaonyesha muda. Penye utulivu muda huo hauonekani, na mtu anadhani amepiga picha ya mahali. Penye watu, mvua na ng'ombe, muda unatokea wazi, na miguu yake sita. Kwa hiyo picha zetu si mbovu kuliko za binamu. Zina mambo mengi zaidi yaliyotokea ndani yake.

Senje alikubaliana nami, ila kwa sababu zake. Alipiga hesabu, akaona katika ile picha ya Isiukhu yumo mara mbili kwa bei ya mara moja. Akataka isafishwe, iwekwe fremu, itundikwe sebuleni. Nikaipeleka studio moja mjini. Kijana wa pale akaipima kwa macho, akaniambia nirudi jioni. Jioni nikakuta kazi imekamilika, fremu ya dhahabu, kioo kimepanguswa.

"Ilikuwa ndefu sana, mkubwa," akasema. "Fremu za hivyo hatuna. Nimepunguza pembeni ikae vizuri."

Pembeni ndiko walikokuwa Senje wote wawili. Aliyebaki ni ng'ombe.

Senje aliitundika hata hivyo, kwa kuwa fremu ilikuwa imeshalipiwa. Mwenye ng'ombe, jirani yetu, alipokuja kuomba chumvi akaiona, akasimama mbele yake akihesabu kwa kidole. Kisha akauliza kama anaweza kupata nakala, maana ana mnunuzi anayekuja Jumamosi na anapenda ng'ombe mwenye miguu imara.