Pepo Aliyekosa Kiti

Ijumaa moja ya Desemba nilikuwa sebuleni kwa bibi, huko Bendera, kwenye joto la tambarare chini ya milima ya Upare, natafuta kiti. Cha kukalia ninacho. Natafuta kile cha waganga, yaani mtu wa kukaliwa na pepo.

Pepo ni mimi. Binamu yangu alishuka toka Dar na GameCube ya mtumba na gemu moja tu, Geist, ya mwaka 2005. Jina ni la Kijerumani, maana yake roho. Na Wajerumani ndio waliotuletea Usabato Upare mwaka 1903, ila hili nililikumbuka baadaye. Unacheza kwa macho ya bwana Raimi, aliyechomolewa roho maabara. Roho tupu haishiki bunduki. Ukitaka vita, umwingie mlinzi, utumie mikono yake na risasi zake. Akifa, unatoka kutafuta mwingine. Na haingiliki mpaka aogope. Basi unajitia kwenye vitu, hata bakuli la mbwa, unavitikisa mpaka mwenyewe atetemeke. Ukikaa sana bila mwili unadhoofu, unabaki kunyonya uhai wa mimea kama mbuzi.

Pepo wa pwani hana taabu hizo. Anapanda, anadai marashi na kitambaa chekundu, basi. Pepo wa Kipare angenyimwa kiti, angefungua kesi.

Mlinzi wangu alinitesa karibu saa nzima. Hatimaye akatetemeka. Nikaruka: "Nimemwingia! Nimo ndani yake! Leo nawamaliza wote!"

Umeme ukakatika.

Jua lilishazama, Sabato imeshaingia, bibi yuko chumbani na Biblia yake. Akatokea mlangoni na tochi, akanimulika usoni.

"Wewe uliyemo humo, nani?"

Mjinga mimi, nikadhani anauliza habari za gemu. "Raimi, bibi."

"Yule marehemu muuza mchele wa Kihurio? Mwambie deni lake nililipa!"

Umeme uliporudi saa nne, wazee watatu wa kanisa walikuwa wamenishika kichwa na makande yamepoa. Kadi ya kuhifadhia mchezo hatukuwa nayo, kwa hiyo Raimi naye alikuwa amerudi maabara kuchomolewa upya.

Jumapili alfajiri bibi aliniamsha, ameshika daftari la mwaka 1994.

"Akirudi," alinong'ona, "mwonyeshe ukurasa huu. Sahihi yake hiyo."