Punda wa Maji ya Chumvi

Upepo ukikata Paje, mwenye kuumia ni mie. Kaskazi imekwenda zake, kusi bado haijashika, kaiti zimekunjwa, na vijana wote wanaofundisha watalii ufukweni wanarudi majumbani kukaa bure. Kijana asiye na upepo ni mtu wa kuogopwa. Mpwa wangu ni mmoja wao, na karakana yake ni baraza yangu.

Mwaka huu hakutaka kusubiri. Ana ubao wake wa foili, ule ambao mlingoti wake uko chini badala ya juu, na mwisho wa mlingoti kuna bawa linalokaa ndani ya maji. Ukivutwa kwa kasi ya kutosha, bawa linakunyanyua, ubao unatoka majini, na wewe unapita juu ya bahari bila kuigusa. Maji ni mazito kuliko hewa mara mia nane na zaidi, ndiyo maana bawa dogo vile linambeba mtu mzima na kiburi chake. Mpwa wangu hulisimulia jambo hili utadhani amelivumbua yeye. Nikamwambia kuwa Alexander Graham Bell, huyu huyu wa simu, aliunda pamoja na Casey Baldwin boti ya namna hiyo iitwayo HD-4, ikakimbia kilomita 114 kwa saa huko Kanada mwaka 1919. "Mjomba, ile ilikuwa na injini mbili za ndege," akanijibu. "Mie nataka mota moja tu." Hapo nilipaswa kuondoka.

Mpango wake ulikuwa huu. Boti ya kumvuta mtu inataka dereva, petroli, na kwanza inataka boti. Yeye ataunda ya kwake isiyo na dereva: ubao mfupi wa faiba, juu yake boksi la betri, chini yake mota ya umeme na pangaboi, nyuma yake kamba. Mkono mmoja utashika kamba, wa pili rimoti. Chombo akakiita Punda. Punda ninaowajua mie hula majani na hawahitaji skrubu za stenlesi.

Nimekula mshahara wa mashine za boti mpaka nikastaafu, kwa hiyo watu hudhani nafurahia mambo haya. Nilistaafu ili nisiyafanye tena.

Tuanze na betri. Seli 14 za lithiamu zilizofuatana hutoa volti hamsini na kitu, chaji ikijaa zinakaribia 59. Zidisha kwa ampea-saa 20 unapata wati-saa elfu moja na ushei. Yupo mtalii aliyemwahidi kumletea betri hiyo ndani ya begi. Ndege hazikubali: betri ya akiba inayozidi wati-saa 100 inataka ruhusa ya shirika, na ikizidi 160 abiria haruhusiwi kupanda nayo kabisa. Basi ikaja kwa meli, polepole, na sehemu ya nauli yake nikailipa mie. Ilipofika nikaweka sharti kwamba haichajiwi wala hailali ndani ya nyumba yenye watu, kwa sababu moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo ya maji. Akanisikiliza. Sasa betri inalala barazani, mahali nilipokuwa nakaa mie, na chaja inakula uniti zangu. "Ni uniti moja na kidogo tu, Mjomba." Moja na kidogo ni zangu.

Siku ya kuunganisha betri na kontrola, kile kifaa kinachoiongoza mota, ikatoka cheche yenye mlio, mke wangu akatoka jikoni akisoma kila dua anayoijua. Haikuwa hatari kubwa. Ndani ya kontrola mna kapasita ambazo zikiwa tupu hunywa umeme wote kwa mkupuo, na dawa yake ni kuunganisha kwanza kupitia rezista, zijae taratibu, ndipo uchomeke plagi yenyewe. Rezista ni kitu cha bei ya andazi. Mtoto aliagiza kila kilicho ghali duniani, hicho hakukiagiza.

Kisha mota ikawa inatetemeka tu, haizunguki. Mota hizi zina waya tatu, na ukimwona mgonjwa anatetemeka hivyo, mara nyingi mmoja kati ya hizo tatu haujashika sawasawa. Ulikuwa umelehemiwa kijuujuu, risasi imekaa juu ya waya bila kuingia ndani. Tukalehemu upya. Ikazunguka vizuri sana, kinyumenyume. Hilo halitaki fundi: badilishanisha waya zozote mbili kati ya hizo tatu, mzunguko unageuka. Nikamweleza. Akanitazama kwa heshima kwa muda mfupi.

Sasa nifike kwenye maji, maana hapa ndipo nilipozeeka. Boksi lilijaribiwa nyumbani kwenye pipa, kivulini, mchana kutwa, likatoka kavu. Tukalipeleka pwani. Akalifunga saa saba mchana, likakaa juani mchangani akisubiri maji yajae, kwa sababu mlingoti wa foili unataka kina na Paje maji yakipwa unatembea mpaka karibu na mwamba. Hewa ndani ya boksi ikapata moto ikapanuka. Boksi likatumbukizwa baharini, hewa ikapoa ikasinyaa, na boksi likaanza kunyonya. Linyonye nini? Kilicho jirani. Glandi za waya, yaani vizibo vya pale waya zinapoingia, zilizozuia maji ya pipa zima, zikaachia chumvi tone baada ya tone, na tulipofungua, kontrola ilikuwa inatoa mapovu.

Jawabu la mpwa wangu likawa silikoni, chupa nzima. Tena ile inayonuka siki, na mvuke wa siki ile hula shaba, kwa hiyo akawa ameufungia ugonjwa ndani pamoja na mgonjwa. Jawabu lenyewe ni dogo. Boksi hufungwa asubuhi na baridi yake, au hutobolewa kitundu chenye utando maalumu unaopitisha hewa na kuzuia maji, likawa linapumua. Lakini nani anataka kusikia kwamba boksi lisiloingia maji linahitaji tundu? Hao waundaji wa vyombo hivi anaowatazama kwenye simu, wengi wako kwenye maziwa huko Ulaya. Wakitoka majini wanaanika wanakwenda zao. Sisi tukitoka tunaosha kila nati kwa maji matamu ya tangi langu, na bado skrubu ya stenlesi ikikaa kwenye mwili wa alumini bila kipande cha zinki karibu, bahari inaitafuna alumini. Hilo analijua kila aliyewahi kushika mashine ya boti, isipokuwa mwenye Punda.

Kuhusu kamba, tuligombana kweli. Aliona mahali kwamba tagi za bandarini hufunga kamba karibu na katikati ya chombo, si mkiani. Ni kweli, na sababu yake ni usukani: tagi ikifungwa mkiani, mkia hauna uhuru wa kuyumba, chombo hakigeuki. Sasa Punda usukani wake uko wapi? Hana. Kijana akafunga katikati, akabonyeza rimoti, Punda akaenda hatua chache kisha akageuka kumtazama. Kwa chombo kama hiki kamba inakwenda nyuma kabisa, tena chini, karibu na usawa wa mota, isije ikainua pua. Anayevutwa ndiye usukani. Akijisogeza kulia, kamba inavuta mkia kulia na pua inaelekea kushoto. Kwa hiyo ukitaka kwenda kushoto, unaanza kwa kwenda kulia, jambo ambalo wanasiasa wetu wamelizoea bila kufundishwa.

Halafu siku ya rimoti. Rimoti hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo katika maji ya bahari hufa ndani ya sentimita chache. Mtu akianguka mkono unazama, na mkono ukizama Punda hasikii kitu. Kifaa kizuri cha kupokea kikikosa mawasiliano huzima mota. Cha bei rahisi huenda kikashikilia amri ya mwisho kiliyopewa. Amri ya mwisho ilikuwa mwendo wote. Mpwa wangu akaanguka, akazama, na Punda, akiwa sasa hana mzigo, akashika njia ya Jambiani na kamba inamfuata nyuma. Nilikuwa nimesimama ufukweni. Sikukimbia. Mtu wa umri wangu hakimbizi ubao.

Alipita katikati ya mashamba ya mwani. Wanawake walikuwa kwenye kamba zao, maji yamewafika kiunoni, Punda akakata mstari mmoja, akabeba mwani na taitai zake, vile vikamba vya kuufungia, kwenye pangaboi, na hata hapo hakusimama, alipunguza mwendo tu. Mvuvi mwenye ngalawa ndiye aliyemkamata mbele huko, akamfunga kando ya chombo chake, akamrudisha na kudai posho. Nikaona ana haki. Mpwa wangu akaenda kwa mwenye mwani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Mashine yako ina macho?" Akawa hana la kusema. Kamba ile aliifunga upya yeye mwenyewe, vishada vyote, maji kupwa mbili mfululizo, na sikuona mtu akimwonea huruma.

Baada ya hapo mambo mawili yakawa sheria. Kabla ya kuingia baharini, Punda anawekwa ndani ya pipa, mota inazungushwa, na rimoti inazimwa kwa makusudi. Mota isipokufa papo hapo, hakuna safari. Na pangaboi limezungushiwa kizimba, kwa ajili ya mwani na kwa ajili ya vidole vya miguu, ambavyo havina duka.

Ameshapaa, nisimnyime haki yake. Maji yakiwa yamejaa na bahari imetulia, Punda alimvuta, ubao ukanyanyuka, na ukishanyanyuka hauhitaji tena nguvu nyingi, kwa hiyo mota ikapunguza kelele na kijana akapita mbele yetu kimya akitabasamu kwa meno yote. Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo lililoniponza. Vijana wengine wa kaiti wameliona, nao wanataka wa kwao, na mpwa wangu amewaambia waje kwa Mjomba, ana vifaa na ana uzoefu. Jana nimekuta mbao mbili mpya za faiba zimeegemezwa ukutani kwangu, na mtu nisiyemjua ananiuliza glandi za waya namba ngapi.

Kwa hiyo wavuvi wa Jambiani, nakuombeni. Punda akizurura tena mkamkamata, posho nitaitoa mara mbili, mradi msiwe na haraka ya kumrudisha.