Msitu Haujakauka

Mpisheni fundi wa misitu! Bwana mmoja mstaafu wa Hamburg ana reli ya mezani ya kipimo cha HO, yaani moja kwa 87. Siku tatu anakesha akisokota nyaya nyembamba za shaba: chini shina, juu matawi. Akapaka gundi, akanyunyiza sponji iliyosagwa na kutiwa rangi ya kijani, kisha akamaliza na sprei ya nywele ya mkewe, majani yasije yakapukutika. Hata tawi moja kavu kaliacha makusudi. Uhalisia, bwana!

Ila uhalisia nao una mipaka. Mwaloni wa mita 26, kwa kipimo hicho, ungefika sentimita 30 na kuimeza stesheni. Basi kaufupisha hadi sentimita 12. Treni lazima ionekane.

Nje ya dirisha, mtufaha wake wa kweli una kiu tangu Juni. Mkewe akimkumbusha maji, hainui hata kichwa: “Ngoja kwanza, msitu haujakauka.”

Hakusema uongo. Gundi ilikuwa mbichi bado. Uliokwisha kukauka ni mtufaha.