Sifa za Mke Mwenza Aliyezaliwa Woolwich

Wapo waliosifu ng'ombe, wapo waliosifu mvua, na kila msimu wa uchaguzi wapo wanaolipwa kusifu wanasiasa. Lakini kuanzia Timau hadi Runyenjes sijasikia mwanamke aliyesimama mbele za watu akamsifu mke mwenza. Leo nasimama mimi. Nilizaliwa Embu, nikaolewa Meru, na kwa miaka yote ya ndoa yangu nimeishi na mke mwenza anayeitwa Arsenal. Wanawake wenzangu, msigune. Nisikilizeni kwanza.

Sifa huanza na ukoo, na wa mwenzangu si ukoo wa kubahatisha. Alizaliwa mwaka 1886 katika mtaa wa Woolwich, London, mikononi mwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha. Ana umri mkubwa kuliko mji wa Nairobi, ambao ulianza mwaka 1899 reli ilipofika. Hata hivyo kila Agosti hutoka na nguo mpya, na mume wangu, ambaye huniuliza leso ya mwaka juzi ina kasoro gani, haoni ajabu yoyote.

Alifikaje huku mlimani? Wanaume wetu ambao leo wana mvi kidevuni walikuwa vijana wa kusimama kwenye vibanda vya video wakati kocha Arsène Wenger alipochukua timu ya Arsenal mwaka 1996. Wakamwona Kanu wa Nigeria, yule mrefu wa miguu mirefu, akiwafunga Chelsea mabao matatu peke yake Oktoba 1999. Wakamwona Lauren wa Kameruni na Kolo Touré wa Ivory Coast. Kisha ukaja msimu wa 2003/04, mechi 38, ushindi 26, sare 12, kufungwa hakuna. Kijana aliyeyaona hayo akiwa na miaka ishirini hakuwa na ujanja. Alikuwa ameshaoa, ila hakujua.

Na ndoa yenyewe ilikuwa rahisi ajabu. Kwa upande wangu wazee walikaa, wakanywa chai, wakahesabu asali, kondoo na ng'ombe, wakaahirisha, wakakaa tena. Kwa mwenzangu hakuna barua iliyopelekwa wala mbuzi aliyefunguliwa kamba. Bunge lilipojadili Sheria ya Ndoa mwaka 2014, wabunge wanaume walikiondoa kifungu kilichomtaka mume apate idhini ya mke kabla ya kuongeza mwingine, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Nami nilikasirika pamoja nao. Nilikasirika nimechelewa: wangu alikuwa ameshaongeza, na hakuna aliyeniuliza.

Lakini tuwe wa haki. Katika wake wenza wote ambao mwanamume wa Meru angeweza kuleta, nionyesheni aliye bora kuliko huyu. Hataki kipande cha shamba. Hakuna siku atakayosimama mbele ya chifu kudai mstari wa majani chai ulio karibu na mto. Hana ndugu wa kulipiwa karo. Na siku Mungu akimchukua mzee, hatatokea kaburini akiwa na watoto watatu, miwani myeusi na wakili. Anayejua mazishi ya nchi hii anajua uzito wa sifa hiyo.

Sasa tuje kwenye mafunzo aliyoleta nyumbani, kwanza la saa. Mimi nilishindwa kumfundisha mume wangu kuwahi jambo lolote, harusi, kikao cha shule, hata miadi ya daktari. Mwenzangu alimfundisha bila kufungua mdomo. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kwao huku ni saa kumi na moja jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, inasogea hadi saa kumi na mbili. Jambo hilo halijulikani na mtu yeyote kijijini isipokuwa mume wangu na ng'ombe wetu wa gredi. Hadi Oktoba ng'ombe hukamuliwa saa kumi kamili, haraka haraka, na mwanamume mwenye jezi chini ya koti. Kuanzia Novemba hukamuliwa saa kumi na moja kwa utulivu, na maziwa huongezeka. Nimeyapima mwenyewe kwa kopo. Ng'ombe wetu anaishi kwa majira ya London.

Pili, alimfundisha kulia. Mwanamume wa huku halii. Alipomzika baba yake alikohoa mara mbili, akaangalia mlima, basi. Lakini tarehe 17 Mei 2006, Barcelona walipotoka nyuma wakashinda 2-1 kule Paris kwenye fainali ya Ulaya, niliamka usiku nikamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Nikamuuliza ni nani amekufa. Akasema, "Mama, tulibaki kumi." Nilimkorogea uji. Nilikuwa nimengoja muda mrefu kuona ule moyo uko wapi, na ukweli ni kwamba nisingeuona bila mwenzangu.

Tatu, uaminifu. Huyu ni mtu aliyehama chama cha siasa kila uchaguzi, akahama kanisa kwa sababu ya kwaya, akahama fundi wa nguo kwa sababu ya kifungo kimoja. Jumapili ya tarehe 28 Agosti 2011, Manchester United waliifunga timu yake mabao manane kwa mawili. Manane! Jumatatu asubuhi aliivaa jezi ileile akabeba maziwa hadi barabarani, akapita katikati ya wanaume waliokuwa wakimngoja kwa hamu, akasimama kwenye foleni. Hakujificha, hakutoa visingizio, hakusema angetafuta nyingine. Mimi chapati ikiungua mara moja naelezwa habari za mapishi ya mama yake. Mwenzangu aliunguza jiko zima, na baada ya ule ubingwa wa 2004 akakaa zaidi ya miaka ishirini bila kombe la ligi, lakini picha yake haikuwahi kushuka ukutani.

Wala si boma letu tu. Agosti 2021, Brentford waliokuwa wamepanda ligi juzi tu walipoifunga Arsenal 2-0, Rais Paul Kagame wa Rwanda alilalamika waziwazi kwenye Twitter. Nilifarijika sana. Ukewenza huu haubagui nyumba ya mabati na ikulu.

Mtu wa kusifiwa hulinganishwa na wenzake, nami sitaogopa. Dada yangu kule Embu ameolewa kwa Manchester United. Alipoolewa aliringa, kwa sababu nyumba ile kila mwaka ilikuwa na kombe. Kocha wao Ferguson alistaafu mwaka 2013 na ubingwa mkononi, na tangu siku hiyo dada yangu anaishi na mjane. Msimu wa 2024/25 walimaliza nafasi ya kumi na tano. Shemeji alikaa nje kwenye baridi ya Mei akitazama miti ya kahawa. Dada akanipigia simu kuniuliza mtu kama huyo hupewa nini, nikamwambia chai ya tangawizi, na usitaje namba yoyote.

Kule Nairobi, Gor Mahia na AFC Leopards wana mechi yao inayoitwa ya mashemeji, na angalau hapo watu wamekubali wazi kwamba mpira ni jambo la ndoa. Na timu yetu ya taifa, Harambee Stars, je? Huyo si mke mwenza, huyo ni mama mkwe wetu sote. Agosti 2025 alipotolewa na Madagaska kwa penalti pale Kasarani, katika robo fainali ya CHAN, tulilia mke na mume kwenye kochi moja, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu. Ama muguka wa kutafunwa, ambao huko kwetu Mbeere ndio unaosomesha watoto, nao humkalisha mwanamume kitako mchana kutwa. Tofauti ni kwamba Arsenal humwachilia baada ya dakika tisini na nyongeza.

Kwa wanaoanza ukewenza huu, nawaachia kanuni za sisi wakongwe. Usiseme kamwe kwamba ni mchezo tu. Maneno hayo yamevunja vikombe vingi kuliko paka. Jifunze jina la mchezaji mmoja, mmoja anatosha, na ulitaje kwa huzuni. Ombi la pesa halipelekwi kabla ya mechi, kwa sababu mtu ana wasiwasi, wala baada ya mechi, kwa sababu akishinda ameshawanunulia wenzake nyama na akishindwa hasikii. Lipeleke wakati wa mapumziko, timu ikiongoza mbili bila. Andika kwa ufupi, "Gesi imeisha." M-Pesa italia kabla kipindi cha pili hakijaanza.

Mara moja kwa mwaka, muulize kuotea ni nini. Wangu huinuka, akapanga meza: kopo la chumvi ni beki wa mwisho, kikombe ni mshambuliaji, kijiko ni mstari, sukari ni kipa. Hulisogeza kopo la chumvi nusu inchi, akaniangalia usoni kuhakikisha nimeelewa, akalirudisha. Hajawahi kunieleza jambo lolote kwa upole kiasi kile, si deni la ushirika, si ugonjwa wa mama yake. Mimi nilielewa kuotea miaka mingi iliyopita. Naendelea kuuliza.

Na usiku wa Ligi ya Mabingwa, ambapo wakati wa baridi ya Ulaya mpira huanza saa tano na kuisha karibu saa saba, nyumba ni yako. Sisi tulihamisha chama chetu kikawa siku za mechi. Hakuna mume anayeuliza unakwenda wapi, hakuna anayeuliza umerudi saa ngapi. Kwa mikopo ya chama hicho tumenunua matangi ya maji, na tangi langu hulitazama kila asubuhi nikimshukuru mwenzangu kimyakimya.

Nisisahau wanaume walioolewa kwa mpira. Yuko mwalimu mmoja Embu ambaye mke wake ndiye shabiki. Jumapili jioni mama yuko mbele ya runinga akimfokea refa, naye mwalimu anakanda unga wa chapati na kuuliza kwa sauti ya chini kama zimebaki dakika nyingi. Sifa hizi ni zake pia, na kanuni ya mapumziko anaweza kuitumia.

Najua mashtaka yaliyopo. Wanasema amewatia wanaume wazimu. Januari 2023, kule Jinja, Uganda, polisi waliwakamata mashabiki wanane waliotembeza kombe mitaani baada ya Arsenal kuifunga Manchester United 3-2. Walikosa kibali cha maandamano. Nawauliza: watu wanane wamekubaliana jambo, wamebeba kitu kimoja pamoja bila kugombana. Ni kikundi gani cha maji hapa kwetu kimewahi kufanya hivyo?

Wanasema anakula karo. Hapo nitasimama nimtetee, kwa sababu mwizi namjua na si yeye. Ni ule mkeka wa kamari ndani ya simu. Tangu mwaka 2017 Mkenya mmoja aliposhinda zaidi ya shilingi milioni 221, kila mwanamume mwenye shilingi hamsini anaamini zamu yake imekaribia, na hamsini hamsini zimefukuza watoto shuleni. Shilingi hizo hazimnunulii Arsenal beki wala hata kamba za viatu. Mwenzangu anamchukulia mume wangu muda na sauti. Mkeka unachukua unga, na kwa mkeka sina sifa, nina ufunguo wa kabati.

Basi hili ndilo nililosimama kulisema. Kwa miaka mingi niliambiwa kwamba wanaume wa huku ndivyo walivyo: hawajui tarehe, hawajui kulia, hawajui kukaa na mtu aliyeshindwa. Mwenzangu amethibitisha kwamba ni uongo. Mtu anayekumbuka tarehe ya mabao ya Kanu ya 1999 anaweza kukumbuka siku aliyozaliwa binti yake. Mtu anayeweza kukesha hadi saa saba kwa ajili ya sare tasa anaweza kukesha na mtoto mwenye homa. Vyote vimo, vimehifadhiwa vizuri, na aliyenionyesha ghala lilipo ni mke mwenza. Tangu hapo nachota kidogo kidogo, na yeye mzee anadhani amezeeka tu akawa mpole.

Naye mwenzangu naomba aendelee na kazi yake, kwa kiasi. Nimechunguza misimu yote, na akishinda sana, mzee harudi. Akishindwa sana, mzee harudi akiwa na roho. Uzuri wa ndoa yetu umekuwa ile misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, alipomaliza wa pili. Kuanzia Agosti hadi Aprili nilikuwa na mume mwenye matumaini, anayeitika akiitwa. Mei ilipofika alirudi nyumbani mnyenyekevu, akakumbuka kwamba mahindi na maharagwe yanahitaji palizi, na jembe likashikwa bila kuambiwa.

Kombe akilitwaa nitampongeza, jezi nitaifua, na jogoo nitachinja. Ila ajue kwamba hapa bomani nafasi ya pili ndiyo inayomfaa. Ya kwanza ina mwenyewe, na mwenyewe alilipiwa ng'ombe.