Muulize Maalim: Kokwa Lisilotaka Kuota

*Maalim, nimelianika kokwa la embe dodo juu ya paa siku arubaini, kisha nikalifukia koponi. Mwezi wa pili huu, kimya. Nifanyeje? — Mwenye Kopo, Tanga.*

Ndugu yangu Mwenye Kopo,

Barua yako imenikuta nimejinyoosha chini ya mwembe nilioupanda kwa mkono wangu huu wa kuume (wenye husuda husema niliukuta nilipoinunua nyumba), mwembe ambao, bila ya kujisifu, maana kujisifu si hulka yangu, umetia kivuli nyumba tatu na nusu ya baraza la kahawa, hata wapita njia husimama wakaniuliza mimi, wala si mti, siri ya siha ile.

Wako watakaokushauri uliimbie kokwa taarabu kila magharibi, au ulinyweshe kahawa chungu iliyosalia mdilani. Yote nimeyajaribu. Lililoimbiwa liliota, lakini jirani akahama. La kahawa halikuota, ila mimi niliyekaa kulingoja sikupata lepe la usingizi hadi alfajiri.

Ama kulianika, hasha! Kokwa la embe si kunde, likikauka hufa. Mimi hulila embe asubuhi, na kabla ya adhuhuri, mbele ya hadhara ya barazani, huwa nimekwisha kulipasua ganda kwa kisu, ukingoni, na kuutoa moyo wake mweupe uliopinda mithili ya haragwe la majitu, ilhali wazee wakinong'ona kwamba mkono mwepesi kama huu haujapata kuonekana. Moyo huo huulaza koponi, kopo lenye matundu chini, mgongo wake uliobinuka ukielekea juu, udongo ukiufunika kiasi cha pingili ya kidole. Huuweka kivulini, na baada ya majuma mawili hadi manne huchomoza. Majani machanga yakitoka mekundu, yamelegea kama kitambaa kilicholowa, usimwite mganga kama alivyofanya mtu mmoja nisiyependa kumtaja, aliyekuwa amevaa kanzu yangu. Na kokwa moja likitoa miche mitatu, aghalabu iliyo mingi humfuata mama yao kwa kila tabia, jambo ambalo wanangu wangalifanya vyema kulizingatia upande wa baba.

Nilitaka kukueleza pia habari ya mnazi wangu, lakini kahawa imeletwa. Kwa hiyo: tupa hilo, kula dodo jingine, lipande kokwa lingali bichi, ungoje miaka 5 hadi 8. La kwanza kuiva niletee mimi.