Hotuba ya Bingwa wa Misimbo kwa Wenye Vifundo vya Elerai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wajumbe wa nyumba kumi, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliofuata soda: itifaki imezingatiwa.

Mbele yenu amesimama bingwa. Nani kanipa ubingwa? Hilo ni swali la wivu. Nimehudhuria semina ya misimbo ya magonjwa siku 2 kamili, ukiondoa ile ya pili, ambayo ilikuwa ya picha na posho. Elimu yangu ni kama Mlima Meru: wengi wenu hamjakiona kilele kwa sababu wingu limekaa juu yake. Makofi ya kilo, tafadhali.

Msimbo ni nini? Ni herufi na tarakimu zinazosimama badala ya ugonjwa, ili karani wa Elerai na karani wa Geneva waelewane hata bila salamu. Wasiosoma huuita "kodi". Ndiyo maana juzi mpangaji mmoja, alipoambiwa dirishani kwamba kodi yake bado haijaandikwa, alitoka mbio akaacha dawa, akidhani mwenye nyumba kamfuata hadi zahanati.

Mambo haya yana nasaba. Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha yake ya sababu za vifo, ikakubaliwa. Tulianza na marehemu kwa sababu hawabishi. Wagonjwa wakaja baadaye. Toleo la 10 la orodha hiyo lilipitishwa 1990, na la 11 likaanza kutumika Januari 2022. Wamarekani walilichukua lile la 10 wakalitanua mpaka likapita misimbo 70,000. Kwao kidole kinachonasa kikikunjwa kina msimbo wa mkono wa kulia na msimbo wa kushoto, gumba mbali, shahada mbali. Hilo ndilo taifa linaloheshimu vidole!

Sasa tushuke kwenye kifundo cha mkono. Yeyo pale mbele, unasema mshipa wa gumba "umekaza". Kitaalamu hujasema kitu. Kano 2 zinazosogeza gumba hupita pamoja kwenye ala moja, ubavuni mwa kifundo, kama sime ndani ya ala yake. Ala ikinenepa, sime haichomoki. Ukiinua mtoto, ukishika sufuria, ukikamua shuka, unaona nyota mchana. Huo ni M65.4. Ukiniletea ganzi ya vidole inayokuamsha usiku, hiyo ni habari ya mshipa wa fahamu, G56.0, sura nyingine kabisa, usituchanganyie mafaili. Na usipojieleza vizuri tunakupa M65.9, uvimbe wa kano usiobainishwa. M65.9 ni kama daladala ya jioni: haijai.

Naona Yeyo ananyoosha mkono. Wa kushoto, wa kulia hauinuki. Anauliza kazi yake ya kufulia watu inaandikwa kwenye herufi gani.

Lo! Yeyo, kazi si ugonjwa. Ingawa, kwa kuwa bingwa haogopi vitabu, nikiri kwamba kitabu cha anatomia cha Gray, toleo la 1893, mwaka uleule wa Bertillon, kiliyataja maumivu haya kuwa mteguko wa wafua nguo. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, akayaeleza kwa wagonjwa 5, na orodha yetu ikalihifadhi jina lake ndani ya mabano. Mfua nguo je? Hakuna aliyemfukuza. Hakuwa na mhuri tu.

Lakini msiseme orodha haina huruma. Upo M70, wa kiungo kilichotumika kupita kiasi, na M70.0 ni wa mkono na kifundo kinacholialia kikisogezwa. Yeyo, ni kifundo kinacholia au ni wewe? Mnalia wote wawili? Basi rudi nyuma ya foleni tukutafakari.

Tiba ipo: gango la kushikilia gumba, mapumziko, sindano ya steroidi, na ikishindikana ala inapasuliwa. Unauliza ukipumzika nani atafua yale mabeseni, na watoto watakula nini? Hilo ni la idara nyingine. Mwisho wa mwezi taarifa zitapanda kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, na wewe, kwa kuwa hukufa wala hukuambukiza mtu, utaketi kwenye mstari wa "magonjwa mengine". Hapo ni pazuri, pana watu wengi.

Tumalizie kwa kipimo. Fumba gumba ndani ya ngumi, halafu inamisha ngumi kuelekea kidole cha mwisho. Dunia humsifu Harry Finkelstein wa New York, aliyeandika habari hii 1930, ingawa namna hii ya kufumba gumba ni ya Eichhoff, 1927. Mwenye kifundo kibovu atapiga yowe. Tazameni kwangu mimi, mtu mzima wa afya, jinsi ninavyoinamisha bila...

Mama yangu wee!

Msicheke. Makofi yasimame. Ni uchovu tu; nimeshinda wiki nzima nikijaza fomu kwa kalamu. Yeyo, hicho kitenge ulichofungia mkono wako, waweza kunichania kipande? Asante. Taratibu. Hapo hapo. Pole na wewe.

Karani, chukua daftari. Andika: bingwa, kifundo cha kulia. Msimbo? Msimbo utasubiri. Andika kwanza kwamba nilikuwa nikiandika. Na juu ya jina langu mwandike Yeyo, na kwamba alikuwa akifua. Yeye alitangulia.