Mhakiki Apewe Maua Yake

Apewe maua yake mhakiki aliyeletewa badiliko la kigawakumbukumbu cha Linux, ile sehemu ya mfumo endeshi inayozigawia programu kumbukumbu na kuipokea zikimaliza. Mstari mmoja umeingia ndani nafasi 4 badala ya 8: akaurudisha. Koma imekaa vibaya: akairudisha. Pale msimbo unapochukua ukurasa wa baiti 4,096, ukakutana na kosa, ukaondoka nao moja kwa moja, akastahi. Mambo ya watu hayo. Akaandika: safi, ipite.

Mizani ya malori pale Mpemba, kabla ya mpaka wa Tunduma, nayo ichukue somo. Lori la Zambia likipanda, ekseli za nini? Likaguliwe turubai kama limenyooka, liachwe lishuke Tunduma.

Wenzake mhakiki huyo ndio wenye makuu. Mwaka 2023 walikiondoa kigawakumbukumbu cha SLOB, 2024 wakaiondoa SLAB, ikabaki SLUB, eti vigawakumbukumbu vitatu ni kazi kuvitunza. Nani aliwaambia vitunzwe? Vingepangwa mistari tu.

Na wewe wakala wa pesa pale mpakani, simu yako ya Android, nayo ya Linux hiyohiyo, ikiganda foleni ikiwa imefika barabarani, izime, iwashe. Usimsumbue mtaalamu, bado anahesabu nafasi.